Kioo cha Tatu kutoka Juu

Aliniambia kwa simu: inabofya, haiwaki.
Tak-tak-tak, kama mtu anayegonga mlango
wa nyumba iliyohamwa.
Nikasema ni betri. Karibu kila mara huwa betri.
Akasema, betri nimebadilisha, baba. Njoo.

Donholm, Julai, saa moja asubuhi,
anga kama sufuria isiyosuguliwa.
Mama Kwamboka kanifungulia na shuka begani,
nyuma yake Ombati, shati la shule, beseni mkononi,
jino likigonga jino.

Nikaanza na yale ya kuanzia.
Mtungi: nimeutikisa, una gesi.
Mpira: nimeupaka povu la sabuni,
nikangoja livimbe. Halikuvimba.
Maji: ya kisima, ya chumvi, manyonge;
nikafungua kichujio, nikatoa changarawe nyeupe
kiganja kizima.
Tak-tak. Ikawaka.
Ombati akapiga makofi.

Lakini moto ulikuwa wa njano.
Moto wenye afya ni wa buluu, mfupi, hauna maneno.
Huu ulilamba bati, ukaacha masizi.
Nikauzima. Nikafungua kifuniko.

Ndani, kwa penseli ya seremala,
tarehe, na herufi mbili: M. M.,
M ya pili imevunjika mguu.
Ni mimi ninayeandika hivyo.

Miaka tisa. Nilikuwa na spana za kuazima
na kodi ya miezi miwili shingoni.
Siwezi kusema sikufundishwa. Bwana Odera alinifundisha
kwa kofi la kisogo: Mulwa, moshi huu hauna harufu,
haukohozeshi. Unakubembeleza, unalala.
Toa bomba nje, au usiifunge.
Lakini bomba lilikuwa pesa, na ukuta ni wa mawe.
Nikaifunga humu humu bafuni,
mlango ukifungwa hata mbu hana pa kupumulia.

Watu wanne, mara miaka tisa.
Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hamjawahi kuumwa kichwa humu? Kizunguzungu?"
"Kichwa? Sisi tunaumwa na baridi! Hebu ona."
Kioo cha tatu kutoka juu hakikuwepo dirishani.
"Tulihamia hivyo. Mwenye nyumba tumemwandikia,
tumemlilia, hata kodi tumemnyima wiki mbili.
Upepo unatuchonga migongo kama vinyago."
Penye pengo niliona waya wa kuanikia,
na soksi moja.

"Nimechoka naye. Jana nimenunua mwenyewe."
Kiliegemea ukuta, kimefungwa gazeti.
"Ukimaliza hita, nifungie na hicho.
Nitakuongeza mia mbili."

Nilikishika. Chepesi mno.

Nikamwambia. Si kwa ushujaa,
maneno yalinitoka kama matapishi.
Akamtazama mtoto, akatazama pengo,
akanitazama mimi, muda mrefu kuliko unavyodhani,
kisha akasema tu: "Ombati, kaogee jikoni."

Nilitoboa ukuta hadi saa tisa, vumbi la mawe menoni.
Nikaihamishia nje, chini ya kipande cha bati.
Kwenye kichomeo nikakuta utando wa buibui;
nikaupuliza, nikasugua masizi kwa mswaki wa zamani.
Ikawaka buluu.
Pesa sikuchukua. Yeye hakunishukuru,
na hilo ni haki yake.
"Na kioo?" nikauliza, maana sasa hakina madhara.
"Kiache hapo hapo kwanza."

Mwaka ule nilifunga hita kumi na nne.
Daftari limeliwa na mende, majina hayasomeki,
lakini miguu inakumbuka: Umoja, Pipeline,
ghorofa ile ya kijani nyuma ya kituo cha mafuta,
mama mmoja aliyenipa chai ya tangawizi
na dirisha lililofunga vizuri sana. Nilimsifia.

Nimeanza na yeye. Sikuitwa.
Nimesimama mlangoni na mfuko wa spana.
Hodi.
Hodi humu ndani.